Mwanangu kaniuliza aniandike mimi ni nani, nikakosa jibu. Mliowahi kutekwa mlijipataje tena?

Mtu_wa_Mtongwe

Assalam aleikum wadau, na wengine wote nawasalimu. Humu huwa nasoma tu siandiki, leo imebidi.

Binti yangu yuko gredi ya nane. Juzi kaja na daftari, mwalimu kawaambia waandike insha kuhusu baba. Akaniuliza swali jepesi tu, baba nikuandike wewe ni nani, baharia ama fundi wa mashine za boti? Nikamwambia ngoja nioge kwanza. Nikaingia bafuni nikakaa juu ya ndoo mpaka mamake akaja kugonga mlango.

Mwanzoni mwa 2012 nilikuwa kwenye meli ya uvuvi, tunavua jodari, tukashikwa na maharamia upande wa Somalia. Nilikaa mikononi mwao miezi 19. Meli siitaji na wenzangu siwataji manake wana familia zao. Mwanzo tulikaa mlemle melini, imetia nanga unaona nchi kavu kwa macho, baadaye wakatushusha tukawa tunahamishwahamishwa porini.

Mateso sikuja kuyahadithia. Kuna kitu kimoja sijawahi kumwambia mtu. Kule hakuna aliyeniita jina langu. Tulikuwa mataifa mchanganyiko na walinzi walikuwa wanatuita kwa nchi, mimi nilikuwa "Kenya". Kenya fariiso, yaani kaa chini. Kenya biyo, maji hayo. Mwisho hata wenzangu wakashika hilohilo manake majina yetu yalikuwa yanawashinda wengine kutamka, kwa hiyo miezi 19 mimi ni Kenya, naamka Kenya nalala Kenya. Mpaka leo mke wangu akiniita kutoka jikoni lazima aite mara mbili tatu, na kusikia nasikia vizuri kabisa, ila moyo haunambii kwamba ni mimi naitwa. Lakini redio ikisema tu Kenya, taarifa ya habari ya kawaida, mgongo unanikaza. Siku ya Jamhuri huwa sitoki nyumbani.

Na nyumbani nako. Mwezi wa kumi na moja bila habari wazee wakakaa wakaona huyu keshakufa, wakanisomea hitima. Mama alikataa hakusikizwa. Nguo zangu zikatolewa sadaka, siwalaumu, ndivyo inavyofanywa. Sasa niliporudi, wiki ya kwanza, niko barazani namuona binamu yangu anakuja amevaa shati langu la drafti, la bluu, lile ambalo mfuko ulichanika nikaushona mwenyewe na uzi mweusi kwa sababu ndio uliokuwepo. Akanikumbatia akalia kama mtoto. Mimi macho yangu yako kwenye ule uzi. Nilikuwa najiambia basi mwenye shati si ndiye huyu, mimi naulizia nini.

Binti yangu niliondoka ana mwaka mmoja, narudi nakuta anamwita mdogo wangu baba.

Maskani siendi. Kila kijana ana muguka shavuni na wale walinzi wetu walikuwa wakitafuna miraa mchana kutwa, ukifika usiku zikiwakatikia ndio wanakuwa wabaya. Ile harufu ya majani nikiisikia tu nahesabu watu waliopo na silaha iko wapi, kumbe ni watoto wa jirani wanacheza bao.

Ni zaidi ya miaka kumi sasa. Nafanya kazi, nafunga, nasali, nimepata mtoto wa pili. Watu wanasema umepona. Siulizi namna ya kusahau. Nauliza mtu anajijenga vipi tena, unamfuata yule wa zamani ulipomuacha ama unamuachilia mbali? Na mtoto nimwambie nini, insha ni ya Jumatatu.

---

mja_wa_mola77

Ndugu shukuru Mungu uko hai, wangapi hawakurudi. Zidisha ibada, hayo ya kujiuliza mimi ni nani ni mawazo tu ya shetani kukutoa kwenye njia. Una mke una watoto una kazi, wewe ni baba basi. Andika hivyo.

---

Mama_Fauz

mja_wa_mola najua umesema kwa nia njema lakini soma tena alichoandika, hajasema popote hashukuru. Mume wangu aliambiwa hilo neno shukuru mpaka akawa anajificha wageni wakija, manake kila mgeni akisema shukuru yeye anamkumbuka mwenzake aliyefia kule, anaona kama anaambiwa ashukuru kwamba ni yule na si yeye.

Ndugu wa Mtongwe pole sana, mimi ni mke wa mtu kama wewe. Mnakumbuka 2010 ile meli ya Kikorea ya uvuvi ilikamatwa Oktoba karibu na Lamu, Wakenya 39 ndani, wakaachiwa Februari 2011? Hapa Mombasa ilikuwa gumzo kila mahali. Mume wangu ni baharia wa miaka hiyohiyo, meli nyingine siisemi. Walipokelewa kwa vigelegele, kamera, wakubwa wakaja wakapiga picha, wiki ya tatu kila mtu karudi kwenye shughuli zake, nimebaki mimi na mtu anayelala sakafuni pembeni ya kitanda.

Sasa nikwambie makosa yetu ili wengine wajifunze. Tulimpokonya kila kitu kwa huruma. Mama mkwe alikuwa anamenyea chungwa, namuwekea nguo za kuvaa kitandani, kaka zake wanaamua aende kwa daktari gani saa ngapi, mtoto akilia anaondolewa upesi asimsumbue. Hatukujua kwamba ndivyo alivyokuwa akiishi kule, kila kitu anaamuliwa. Na yeye alikuwa anatii tu! Alikuwa anasimama mlangoni pa choo, nyumba yake mwenyewe, ananitazama. Siku ya kwanza nikadhani anataka sabuni. Siku ya tatu ndio nikaelewa anasubiri ruhusa. Walahi nilienda uwani nikalia na kanga mdomoni asinisikie.

Na maji. Nikifagia chini ya kitanda nakuta chupa, chupa, chupa, zimejazwa maji zimepangwa kwa mstari. Siku moja nikazimwaga zote nikidhani namsaidia, hakuongea na mimi siku mbili. Baadaye nikawa namuacha nazo, nilichofanya ni kumuuliza hii ya zamani tubadilishe maji? Akisema ndio nabadilisha akisema hapana naiacha. Zilipungua zenyewe. Sasa hivi iko moja na hiyo moja sisi wote tunaiona ni chupa ya maji tu.

Kilichomrudisha kwangu mimi naona ni kuchaguachagua vitu vidogo. Lakini vidogo kweli! Nilimpeleka Kongowea sokoni akaganda mbele ya nyanya jasho linamtoka, nyanya za watu mia na kila mmoja anamuita mteja wangu. Kwa hiyo nikaanza na viwili. Chai ya maziwa au ya rangi. Mkeka huku au kule. Ilikuwa anasema yoyote, yoyote tu, wiki nzima yoyote. Mimi nikakataa, nikamwambia kwa upole yoyote sina jikoni, nina ya maziwa na ya rangi. Siku aliyosema ya rangi tena usiweke iliki mimi nilishika meza.

Sijui kama ndiye yule wa zamani aliyechagua. Yule wa zamani alikuwa anapenda iliki.

---

kaunsela_wa_pwani

Nimesoma mara mbili. Mtu wa Mtongwe, mimi hii ndio kazi yangu na nakwambia wazi unachoeleza si shetani na si udhaifu wa imani, mja_wa_mola usinichukie. Kushtuka kwa harufu, kuhesabu watu, mgongo kukaza, hivyo ni kiwewe, mwili umejifunza kukulinda na haujaambiwa kwamba kazi imekwisha. Ibada inasaidia wengi na usiiache. Ila kiwewe kina tiba yake na miaka kumi si kuchelewa.

Hilo la jina limenigusa zaidi ya yote. Mteka hamuhitaji baba wa fulani mtoto wa fulani fundi hodari, anamuhitaji mtu wa kuuzwa bei, na nchi ni bei. Kuitwa Kenya ilikuwa sehemu ya biashara yao. Na wewe kuliitikia jina hilo ilikuwa busara, lilikupa maji. Usilichukie sana.

Umeuliza umfuate wa zamani ama umuache. Iko njia moja tunaitumia ambayo haikulazimishi kuchagua. Inafanywa na kamba. Kamba ya kawaida, unailaza sakafuni mbele ya mtu, mwanzo ni kuzaliwa na ile iliyobaki imekunjwa mwisho ni maisha ambayo hayajaja. Unapewa maua na mawe. Unaweka ua pale palipokuwa na jema, jiwe pale palipokuwa na baya, makubwa na madogo, kwa mpangilio wa miaka, na kila kimoja unakipa jina lake kidogo tu. Siku hiyo huchimbi. Vikao vinavyofuata ndio unaanza kusimulia kutoka mwanzo wa kamba, ukifika kwenye jiwe unakwenda polepole sana, nini uliona, mwili ulihisi nini, sasa hivi unahisi nini hapa kwenye kiti, na kaunsela anaandika. Kikao kinachofuata anakusomea, unarekebisha, mnaendelea. Mwisho unapewa karatasi zako, maisha yako yote yameandikwa kwa mfululizo, unaweka sahihi kama unataka.

Njia hii ilijaribiwa Nakivale kule Uganda, kambi ya wakimbizi, kwa Wasomali na Wanyarwanda waliopita vita, na waliokuwa wakiifanya hawakuwa madaktari, walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa, na watu walipata nafuu. Nawaambia hivyo ili msidhani ni vitu vya hospitali za Ulaya tu.

Nimekaa na mabaharia kadhaa kwenye hiyo kamba. Kitu ninachokiona kila mara, mtu anakuja akiamini zile siku za kutekwa ndio kamba nzima. Tukiilaza chini anaona ni kipande cha mkono mmoja hivi, mawe yamerundikana hapo kweli, mazito kweli, lakini kuna kamba kabla na kuna kamba baada. Mmoja alikaa kimya kama nusu saa halafu akauliza, hii yote hapa nyuma ni yangu?

Tafadhali usiifanye peke yako nyumbani, hasa mawe. Mtafute mtu aliyefundishwa. Hospitali ya Port Reitz wana idara ya afya ya akili, anzia pale uulize. Mission to Seafarers, shirika la kanisa la kuhudumia mabaharia hapo Mombasa, wanawajua mabaharia, na ISWAN, shirika la kimataifa la ustawi wa mabaharia, wana laini ya saa 24 kwa mabaharia na familia zao, bure, hata kama ulishaacha bahari piga tu.

---

Kijana_wa_Malindi

Mimi si baharia lakini niko karibu na Chakama, kijiji cha huku Kilifi. Mnamkumbuka Silvia Romano, yule binti Mwitaliano aliyekuwa anafanya kazi na watoto pale, akachukuliwa Novemba 2018 watu wakipigwa risasi, akapelekwa Somalia, akarudi kwao Mei 2020? Miezi 18 karibu sawa na yako. Alishuka kwenye ndege amevaa buibui la kijani, amesilimu, jina lake sasa Aisha. Nchi ile iliyokuwa inamuombea ikamgeuka palepale. Matusi, vitisho, chupa ikarushwa kwenye jengo analokaa, mbunge mmoja akasimama bungeni akasema ati ni gaidi mpya. Yeye alisema amebadili dini kwa hiari yake. Wengine wakasema hapana, hajui anachosema, karogwa akili, sisi ndio tunajua yeye ni nani.

Mimi sijui ya moyoni mwake na nyie hamjui. Ila huwa namfikiria sana, mtu umekaa miezi 18 watu wengine wanakuamulia, unafika uwanja wa ndege kwenu unakuta foleni ya wengine wanataka kukuamulia pia, kuanzia nguo. Wewe kaka walikusomea hitima, yeye walimsomea ya kwake akiwa anaonekana kwenye televisheni.

Kwa hiyo kuhusu swali lako, aliyebadilika ana haki ya kubadilika. Si lazima urudi kuwa mwenye lile shati.

---

Serahangi_mzee

Mnasema vizuri lakini hakuna aliyetaja mshahara na mimi nitautaja. Nimefanya meli miaka 31. Vijana wengi waliorudi kutoka Somalia niliwaona, wamerudi mikono mitupu, kampuni imefilisika au ajenti hapokei simu, miezi yote ile hakuna senti iliyoingia nyumbani, mke ameuza friji, mtoto katolewa shule. Huyu unamwambia ajijenge nafsi na nini. Mombasa hii baba ambaye haleti kitu hata akikohoa hasikizwi.

Sheria ilibadilishwa, ule mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006 uliongezwa kipengele, kimeanza 26 Disemba 2020, baharia akishikwa na maharamia mkataba wake hauishi na mshahara unaendelea kulipwa mpaka aachiwe arudishwe kwao. Kizuri sana, ila soma vizuri, meli za uvuvi hazimo. Yaani watu kama wewe wa jodari, ambao meli zao ziko chini karibu na maji, maharamia kuzipanda ni rahisi, ndio wameachwa. Nimelisema hili kwenye mikutano mpaka sauti ikakauka na nitalisema tena.

Wewe sio kwamba hujui wewe nani. Wewe ni mtu anayedaiwa mshahara wa miezi 19. Hiyo nayo mwambie mtoto.

---

mja_wa_mola77

Nimerudi kusoma. Ndugu wa Mtongwe nisamehe, niliandika haraka nikiwa kwenye matatu. Nitakuombea kwa jina lako kama utanitumia inboksi, sitalitaja popote.

---

Mtu_wa_Mtongwe

Nimesoma yote, mengine nimemsomea mke wangu. Naandika kidogo kidogo mtanivumilia.

Mja_wa_mola hakuna neno, nimekutumia. Ukiomba litamke lote mpaka la babu.

Serahangi umenifanya nisimame nikatembea uwanjani. Sijawahi kuhesabu ile pesa. Nilikuwa nadhani nikihesabu ni kama nataka kufaidika na ile balaa. Nitahesabu, hata kama sitalipwa.

Kijana wa Malindi, lile shati binamu alilivaa likaisha likawa tambara, mwishowe mimi mwenyewe nililiomba nikapangusia oili kwenye mashine ya Yamaha ya mteja. Nilipoona ule uzi mweusi bado upo sikulitupa. Liko kibandani kwenye kopo la misumari.

Mama Fauz wewe ndio umenipiga kabisa. Mke wangu aliposikia habari ya mlango wa choo alitazama chini. Kumbe nilikuwa nafanya na mimi, miaka ile ya mwanzo, hakuwahi kuniambia. Nikakumbuka Oktoba 2016 wale wa Naham 3, meli ya uvuvi iliyotekwa na maharamia wa Somalia, walipoachiwa, watu 26, wakapitishwa Nairobi baada ya miaka minne na nusu na zaidi, tulikuwa tunaangalia habari pamoja, Mfilipino mmoja anasema walifika kula panya. Mke wangu akanigeukia. Mimi nikaomba chumvi. Alikuwa ananiuliza kwa macho na nilimjua, nikaomba chumvi. Basi jana usiku nimemjibu, miaka yote hiyo imepita. Hakusema kitu alinishika tu kidole kimoja, hiki cha mwisho.

Kaunsela, nimepiga simu nilikoelekezwa, nina miadi Jumatano saa nne. Nataka niulize kama kamba naruhusiwa kwenda na yangu, ninayo ya manila nimekaa nayo tangu nikiwa kijana wa melini.

Binti nimemwambia aandike hivi, baba alikuwa baharia, alichukuliwa akakaa mbali, alirudi, sasa anatengeneza mashine za boti. Akaniuliza ulichukuliwa na nani, nikamwambia nitakusimulia ila si kwa mara moja, wewe utachagua tuanzie wapi. Akasema tuanzie kwenye samaki. Kwa hiyo tukaongea jodari karibu saa nzima, uzito wake, anavyokuwa wa moto ukimpasua akiwa ametoka majini sasa hivi, hakuamini, samaki wa moto? Nikamuonyesha kwa mkono kovu la ndoano.

Halafu akauliza nimletee baba chai gani. Nikasema ya maziwa, akaanza kwenda, nikamuita nikasema hapana ngoja, ya rangi, na ndimu. Mke wangu akacheka huko jikoni akasema tangu lini wewe na ndimu. Kweli sijawahi kunywa chai ya ndimu, hata kabla ya meli.

---

Mama_Fauz

Jumatano saa nne nitakuwa nimemaliza kuanika. Ukitoka huko andika hata neno moja tu hapa tujue umefika.